Picha za wanafunzi kwenye Canva na Photopea: zinakaa wapi hasa?

fundi_vitambulisho

Habari za jioni wakuu. Nina stationery hapa Morogoro, kazi zangu ni zile zile mnazozijua, kadi za harusi, ratiba za mazishi, vyeti, vitambulisho. Sasa kuna shule moja ya msingi ya binafsi wanataka vitambulisho vya wanafunzi wote, picha ziko kwenye flashi pamoja na faili la Excel lenye jina kamili la mtoto, darasa, tarehe ya kuzaliwa, jina la mzazi na namba ya simu ya mzazi. Mwalimu mkuu ni mama mmoja makini sana, kabla hajaniachia hiyo flashi akaniuliza, "Mwanangu, hizi picha ukishaziweka kwenye hiyo programu yako ya mtandaoni zinakwenda wapi?" Nikamwambia mama naomba unipe siku mbili nikuletee jibu la uhakika, maana kubahatisha sitaki, hawa ni watoto wa watu.

Mimi natumia Canva kwa ajili ya templeti zake, na Photopea nikiletewa faili la PSD, yaani la Photoshop. Zote nazifungulia kwenye Chrome, hakuna nilichoingiza kwenye mashine. Kuna jamaa hapa mtaani anasema kitu chochote kikifunguka kwenye brauza ujue picha imeshafika kwenye seva zao, hakuna ujanja. Mwingine anasema hapana, ukifunga tabo tu kila kitu kinafutika. Nimejaribu kusoma zile sera za faragha ila ni ndefu halafu lugha yake ya kisheria, eti "wabia wetu", mbia yupi hawasemi.

Naombeni mwenye uelewa anisaidie: ipi inabeba picha na ipi haibebi, nitahakikishaje mwenyewe kwa macho yangu, na hii sheria ya taarifa binafsi inanigusa mimi mtu wa stationery au ni ya mabenki na makampuni ya simu tu?

---

seva_na_nyaya

Mkuu hao jamaa zako kila mmoja ameshika nusu ya ukweli. Chukulia mafundi cherehani wawili, mmoja anakuja kushonea sebuleni kwako, mwingine anabeba kitambaa anaondoka nacho kwenda ofisini kwake. Programu za kwenye brauza nazo ziko hivyo hivyo, kwa macho zinafanana kabisa kwa sababu zote unaandika anuani na ukurasa unafunguka, ila kinachofanyika nyuma ni tofauti.

Photopea ni yule wa sebuleni. Ilianzishwa mwaka 2013 na kijana mmoja anaitwa Ivan Kutskir, mzaliwa wa Ukraine anayeishi Jamhuri ya Czech, na ameijenga hivi: ukifungua ukurasa kinachoshuka ni programu yenyewe, inakuja kukaa kwenye brauza yako, halafu ukifungua picha ni prosesa yako na RAM yako ndivyo vinavyofanya kazi. Picha haipandi kwenda kokote. Ndio maana laptopu inaunguruma ukifungua PSD yenye leya nyingi, na ndio maana ukifunga tabo hujasevu kazi imekwenda, hakuna kopi yake sehemu. Ila usije ukadhani haikusanyi chochote kabisa, ile inaishi kwa matangazo ya pembeni na matangazo yana vidakuzi (cookies) vyake, kwa hiyo kuna watu wanajua kwamba kompyuta yako ilifika pale. Wanachokosa ni picha. Hivyo ni vitu viwili tofauti na watu wengi wanavichanganya.

Canva ni yule anayebeba kitambaa. Na haifichi, ndiyo biashara yao, unaanza kazi kwenye kompyuta ya dukani unamalizia kwenye simu ukiwa kwenye daladala, mwenzako anafungua kazi ile ile akiwa Dodoma. Hilo haliwezekani kama picha haikai kwao. Figma, ile programu ya kubuni kwa pamoja, vilevile, michoro inachorwa kwa nguvu ya mashine yako ila faili linakaa kwao kwa sababu watu kumi wanaligusa kwa wakati mmoja.

Sasa kuhakikisha. Njia ya kwanza ambayo haitaki utaalamu: fungua ukurasa wa hiyo programu mpaka umalize kupakia, zima data, halafu fungua picha, ikate, andika jina, sevu kwenye desktopu. Kama yote yamekubali bila mtandao basi kazi inafanyika kwako. Ila kuwa makini hapo, funga tabo kabla hujawasha data tena, kwa sababu kuna programu zinatunza vitu ndani ya brauza zikisubiri mtandao urudi zipandishe.

Njia ya pili, bonyeza F12 kabla hujafungua picha, nenda kichupo kilichoandikwa Network, kisha fungua picha na uangalie maombi yanayotoka. Hapa watu wengi wanadanganywa na safu ya Size, ile inaonyesha kinachoingia kwako. Unachotafuta wewe ni kinachotoka. Tafuta ombi la aina ya POST au PUT, ndiyo yanayopeleka vitu kwenye seva, libonyeze, shuka mpaka Request Headers uangalie Content-Length, yaani uzito wa kilichotumwa. Kama picha yako ina MB 4 na unaona ombi lenye uzito unaokaribia huo, basi picha imeondoka.

Na kama F12 inakuchosha angalia bando, yaani kabisa. Picha za shule nzima zikipanda mtandaoni bando litakuambia.

---

Nyerere_Road

Mimi nadhani tunakuza mambo jamani. Canva inatumiwa na dunia nzima, mashule, maofisi ya serikali, makanisa, misikiti. Kampuni kubwa kama ile ya Australia ina wataalamu wa usalama kuliko laptopu yako ya stationery ambayo kila mteja anachomeka flashi yake yenye virusi. Kama nia ni kuwalinda hao watoto, picha ziko salama zaidi Canva kuliko dukani kwako. Naongea kwa heshima tu.

---

seva_na_nyaya

@Nyerere_Road hoja ya flashi nakubaliana na wewe kwa asilimia zote, mashine nyingi za stationery zinatisha. Ila ukubwa wa kampuni sio kinga. Mei 2019 Canva yenyewe iliingiliwa, akaunti takriban milioni 137, yalichukuliwa majina, anuani za barua pepe, miji watu wanayoishi, na maneno ya siri yakiwa yamesagwa kwa bcrypt, yaani yamegeuzwa yasisomeke. Kusagwa huko kulisaidia kwa sababu yule mwizi hakupata maneno ya siri yakiwa wazi, ila Januari 2020 ikaonekana orodha ya akaunti kama milioni 4 ambazo maneno yake yalishafunguliwa, kampuni ikabidi iwalazimishe watu kubadilisha. Kwa hiyo mtu aliyefungua akaunti kabla ya hapo na bado anatumia paswedi ile ile kwenye barua pepe yake, leo hii abadilishe, asisubiri kesho.

Sisemi Canva ni wabaya, walitangaza haraka na walizima kile walichoweza. Ninachosema ni kwamba kitu ambacho hakikupanda hakiwezi kuibiwa kule. Kadi ya harusi yenye jina la ukumbi hata ikivuja hasara yake ni ndogo. Ila picha ya mtoto wa darasa la pili ikiwa na jina lake, shule yake na namba ya simu ya mama yake, huo ni mzigo mwingine kabisa.

---

Wanjiku_wa_Prints

Niko Nakuru, niruhusuni nichangie kutoka huku kwetu. Kwa hii mambo ya shule na picha za watoto, huku tumeona kesi. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliipiga faini shule moja iko Uthiru, Roma School, shilingi 4,550,000 za Kenya juu waliweka picha za wanafunzi mtandaoni bila idhini ya wazazi. Siku hizo hizo klabu inaitwa Casa Vera ikapigwa 1,850,000 juu ya kupost picha ya mtu alikuwa amekuja kujivinjari. Na kabla ya hapo, Disemba 2022, Oppo Kenya walipigwa milioni 5 kwa kutumia picha ya mtu kwa Instagram yao bila kumuuliza. Sheria yetu ni ya 2019, na mwanzo watu walikuwa wanaichukulia ni ya makaratasi tu mpaka hizo faini zikaanza kutoka.

Angalia, hakuna hata kesi moja hapo imehusu programu ya kubuni. Zote ni idhini. Kwa hivyo ukimwambia mwalimu mkuu "natumia Photopea picha haziendi popote" umejibu nusu ya swali lake. Nusu ingine ni kama mzazi aliambiwa picha ya mtoto wake inapelekwa kwa mtu wa nje atengeneze kitambulisho. Mimi siku hizi shule ikinipea kazi naomba wanionyeshe ile fomu wazazi walisaini, na sianzi kazi kabla. Kuna shule iliona ni kama nawasumbua, lakini watoto hawawezi jitetea, sisi wakubwa ndio tunafaa kuuliza.

---

wakili_wa_mtaani_TZ

Nijibu kipande cha sheria kwa upande wa Tanzania. Inakugusa ndugu yangu, ukubwa wa biashara hauulizwi kwanza. Ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia tarehe 3 Aprili 2024. Ndani yake kuna mkusanyaji na mchakataji. Shule ndiyo mkusanyaji, yeye ndiye anaamua taarifa za nini na zitumike vipi. Wewe unayepewa flashi utengeneze vitambulisho kwa niaba ya shule ni mchakataji. Wote wawili mna wajibu, na sheria inataka wakusanyaji na wachakataji wasajiliwe kwenye Tume, nenda kaangalie tovuti yao uone utaratibu unaokuhusu, usikae na maneno ya vijiweni.

Mambo mawili ya kushika hapo. La kwanza, taarifa za watoto zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti, kapu moja na taarifa za vinasaba na miamala ya fedha. La pili, kusafirisha taarifa nje ya nchi kuna masharti yake. Sasa ukizipandisha picha kwenye programu ambayo seva zake ziko ughaibuni, ujue umezitoa nje ya nchi hata kama wewe mwenyewe hujanyanyuka kwenye kiti chako hapo Morogoro. Sio kwamba imekatazwa moja kwa moja, ila shule inatakiwa ijue na ikubali kabla, isije kusikia baadaye.

Kwa hiyo swali la yule mama mwalimu mkuu ni swali la kisheria kabisa hata kama yeye kaliuliza kwa uchungu wa mzazi. Mpe heshima yake.

---

Dada_wa_Mabango

Mimi nitaongelea kitu ambacho naona hakijaguswa na ndicho kinaniuma zaidi. Hizi Canva Pro, yaani Canva ya kulipia, za bei ya kutupa zinazouzwa kwenye magrupu ya WhatsApp na Telegram. Unalipa buku mbili tatu, unatumiwa linki, unaingia, unaona zile taji za Pro zote zimefunguka, unafurahi. Kilichotokea ni kwamba umeingizwa kwenye timu ya mtu usiyemjua. Kazi unazotengenezea humo zinakuwa ndani ya timu yake, siku akiamua kukutoa unapoteza njia ya kuzifikia, na humo ndani mko na watu mia kidogo ambao hamjuani, ukikosea tu ukashea folda kwa "timu yako" basi umeshea na wote hao. Halafu ndani yake ndio mtu anaweka picha za wanafunzi, barua za utambulisho, vyeti vya watu. Jamani jamani. Hapo hata Canva wawe waaminifu kiasi gani haisaidii, mlango umeufungua mwenyewe.

La pili, watu wanadhani wakifuta dizaini na picha imefutika. Hapana. Dizaini ukiifuta inakwenda kwenye pipa inakaa siku 30, na zile picha ulizopandisha zinabaki kule kwenye sehemu ya Uploads mpaka uzifute zenyewe kama zenyewe. Nenda leo kaangalie Uploads zako, mtu una miaka minne humo utakuta passport size za watu ambao hata sura zao hukumbuki.

La tatu linki. Ukishea kwa mpangilio wa yeyote mwenye linki anaweza kuona, hiyo linki ikitumwa kwenye grupu la wazazi inasambaa kuliko unavyofikiri. Kwa kazi ya shule shusha PDF, mpelekee mhusika, basi.

---

fundi_vitambulisho

Aisee nashukuruni sana, nimejifunza mengi kuliko nilivyotegemea. @wakili_wa_mtaani_TZ hilo la taarifa nyeti sikulijua, na @Wanjiku_wa_Prints dada yangu nimelichukua la fomu ya wazazi.

Swali la nyongeza, kitu kilichokuwa kinanipeleka Canva kwenye vitambulisho ni ile ya kuingiza faili la majina yote halafu yenyewe inatengeneza kadi moja moja, sasa nikihamia Photopea si nitakesha nikiandika jina moja moja? Na pia nasikia siku hizi hizi programu zinachukua kazi za watu kufundishia akili mnemba, hilo nalo ni kweli au ni maneno?

---

seva_na_nyaya

Photopea ina kitu hicho pia, nenda menyu ya Image kuna Variables, unaunganisha leya ya maandishi na safu ya faili lako la CSV (lile la Excel ukilisevu kama CSV), jina, darasa, namba, halafu unazitoa kwa mkupuo. Jifunze kwanza kwa majina ya uongo matatu manne. Na lile faili la Excel lipunguze kabla hujaanza, kitambulisho hakihitaji tarehe ya kuzaliwa wala jina la mzazi, futa hizo safu kwenye kopi yako. Mashine ikilemewa fanya darasa moja moja. Au achana na brauza kabisa, LibreOffice inaunganisha majina kwenye templeti na inafanya kazi bila mtandao na ni ya bure.

Picha nazo, kama zimepigwa kwa simu ambayo kamera yake inarekodi eneo, ndani ya faili kuna alama za GPS za mahali ilipopigwa. Ukitumiwa WhatsApp kama picha ya kawaida hizo alama zinaondolewa, ila zikija kwa flashi au zikitumwa kama dokumenti zinabaki. Ukizitoa upya kwenye programu chagua zisibebe hizo taarifa za ndani.

Kuhusu akili mnemba sio maneno, ila kila kampuni ina habari yake usizijumlishe. Figma Juni 2024 walitangaza kwamba kuanzia 15 Agosti 2024 watatumia kazi za watumiaji kufundishia, kuna swichi ya kuzima. Sasa angalia walivyoigawa: walio kwenye Starter na Professional swichi ilikuwa imewashwa tayari, kama hujui ipo basi umekubali, walio kwenye vifurushi vya makampuni makubwa ilikuwa imezimwa. Yaani asiye na mwanasheria ndiye aliyewekwa ndani bila kuulizwa, hapo mimi sikupendezwa kabisa na sitaacha kulisema. Adobe nao mwezi huo huo wa Juni 2024 walibadilisha masharti yao, wabunifu wakapiga kelele dunia nzima mpaka kampuni ikatoka kufafanua kwamba haifundishii Firefly, akili mnemba yao ya kutengeneza picha, kwa kazi za wateja. Canva nao wana sehemu ya faragha kwenye mipangilio ya akaunti, ingia uone swichi zako ziko upande gani, usisubiri mtu akuambie za kwake.

Na hata kwenye programu inayofanyia kazi kwako, ukibonyeza kitufe chochote cha akili mnemba, kufuta mandhari, kuongeza kitu, rudia kipimo cha F12. Vingi vya hivyo vinahitaji seva.

---

Nyerere_Road

Nimewasoma wote, hiyo ya Canva Pro za magrupu imenigusa kwa sababu ofisini kwetu tunayo. Kesho naipeleka kwa bosi. Sasa @seva_na_nyaya kama tunataka kufanya kazi kwa pamoja watu wanne watano ila mafaili yasitoke mikononi mwetu, njia ipo au ni lazima tuchague moja?

---

seva_na_nyaya

Ipo mkuu. Kuna Penpot, ni programu huria, waliojenga ni Kaleidos wa Hispania. Unaweza kutumia kwenye tovuti yao, lakini pia unaweza kuichukua yote ukaiweka kwenye seva yenu wenyewe kwa Docker, programu ya kusimika na kuendesha programu nyingine, hapo mafaili yanakaa kwenu. Inahitaji mtu wa kuihudumia, kuchukua nakala rudufu na kuisasisha, kama hamna huyo mtu msiingie.

Kwa michoro midogo ya haraka kuna Excalidraw. Ukiwa peke yako mchoro unakaa ndani ya brauza. Ukishea linki, mchoro unafungwa kwa ufunguo kwenye kompyuta yako kabla haujatoka, na ufunguo unawekwa mwishoni mwa linki baada ya alama ya #. Brauza huwa haitumi kwenye seva kile kilicho baada ya #, kwa hiyo seva yao imeshika kitu ambacho haiwezi kukisoma. Nawaheshimu sana waliofikiria hivyo. Ila mwenye linki nzima ana ufunguo, msiitupe kwenye grupu.

---

fundi_vitambulisho

Mrejesho. Nimefanya kipimo leo asubuhi kwa picha yangu mwenyewe. Photopea nimezima data, nimefungua, nimekata, nimeandika jina, nimesevu, yote yamekubali. Canva kwenye F12 nimeliona ombi la POST limetoka na uzito unakaribia sawa na wa picha, nimepiga screenshot zote mbili nimwonyeshe mwalimu mkuu. Nimemwandikia na karatasi fupi: kazi itafanyika bila mtandao, nitapokea jina, darasa na picha tu, na baada ya vitambulisho kupokelewa nafuta kwangu na flashi namrudishia. Ameniuliza swali moja, kule nitakakochapisha kadi za plastiki je? Kwa kweli mashine ya kadi sina, natoa kwa mwenzangu wa mjini na yeye huwa anapokea PDF kwa barua pepe.

---

Dada_wa_Mabango

Mama huyo angekuwa kwenye Tume. Mpelekee mwenzako PDF kwenye flashi kwa mkono, kaa pale mpaka amalize kuchapisha, halafu mfute pamoja kwenye mashine yake, mkiangalia na pipa la taka la kompyuta na ile foleni ya printa. Kadi zilizoharibika nazo uondoke nazo, zina sura na majina vilevile.